Karai

Siku tatu kwa wiki damu yangu hutoka nje,
hupita mrijani, huogeshwa, hurudi.
Mwaka wa sita sasa. Mashine nimeizoea
kama mke wa pili: ina zamu, ina kelele,
na maji inanionea wivu. Glasi mbili kwa siku, basi.

Figo zenyewe? Nilishazisahau.
Zimesinyaa, zimestaafu bila kiinua mgongo,
na nani humkagua mstaafu?

Daktari ndiye aliyesema, "Mzee Shekiondo,
kilichoacha kazi hakijaacha kuwepo."
Akaniandikia karatasi. Chumba namba nne.

Bi Zamoyoni akanipaka ute baridi ubavuni,
akazima taa, akakandamiza kidude chake.
"Vuta pumzi. Zuia. Achia."
Nikacheka. Akauliza kulikoni.

Dada, nikamwambia, kazi yako naijua.
Miaka thelathini na minane, Barabara ya Kumi na Tatu,
naziba pancha. Tyubu ukiikodolea macho tu, huoni kitu.
Huizamisha karaini, kipande kwa kipande,
ukaibinya, ukasubiri,
mpaka tundu lijiseme lenyewe kwa mapovu.

Akatabasamu gizani. Kisha akanyamaza.
Mkono ukarudi palepale.
Ukarudi tena.
Fundi hahitaji kuelezwa mkono unaorudi.

"Vifuko vya maji viko vingi," akasema,
"watu wa mashine huwa navyo. Ila hiki cha kushoto,
ndani yake si maji."
Sentimita mbili na ushee.
Kama gololi ya watoto, ile kubwa, ya kufungia mchezo.

Haikuuma. Hilo ndilo linalonikaa kooni:
nimelala nayo, nimesali nayo,
nimeendesha nayo hadi Chumbageni na kurudi,
isibishe hodi.

Dukani nina fremu ya Foniksi, imetundikwa ukutani
tangu mwenyewe alipohamia Korogwe.
Mwezi uliopita niliishusha: bomba la chini limeliwa na kutu,
ndani kwa ndani,
rangi juu nzima, inang'aa.

Wiki ijayo kuna kipimo kingine, cha kusukumwa kwenye duara.
Baada ya hapo, pengine kisu.
Mwanakombo ameuliza mara mbili watanitoa nini,
na mara zote mbili nimemwomba chumvi, ambayo siruhusiwi.

Nilirudi kazini ute haujakauka ubavuni.
Mtoto akaleta gurudumu:
"Haina pancha, mzee. Jaza upepo tu."

Nikavuta karai.