Pengo katika Kumbukumbu

Mimi ni karani wa kumbukumbu, Bunge la Jimbo, Helena.
Naandika kila neno. Vikohozi siandiki.

Januari ile, theluji imeziba madirisha,
Mheshimiwa Brekke alikuwa kifungu cha sita,
ushuru wa malisho.
Akasema, "Kwa hiyo, Mheshimiwa Spika,"
akaifuata karatasi yake sakafuni.

Watu mia wanaozijua kanuni kwa moyo
wakasimama. Moyo wenyewe,
hakuna aliyejua uko upande gani wa tai.

Mashine ya kuushtua ilikuwemo, kabatini.
Kabati limefungwa. Ufunguo uko kwa Dale.
Dale kaenda kula.

Nikaandika: *Kikao kimeahirishwa.*
Kisha dakika tisa za vidole vyangu
vikining'inia hewani.

Leo wamepiga magoti kwenye zulia,
walioafiki muswada na walioukataa,
makoti yametundikwa vitini,
mbele ya sanamu la mpira lisilo na chama.
Twyla Azure, wa gari la wagonjwa, anazunguka na soksi zake nene:
"Kandamiza! Usimbembeleze, huombi kura."

Spika anatokwa jasho. Anauliza,
je, mbavu haziwezi kuvunjika?
"Zinaweza. Mbavu huunga."

Kiti cha arobaini na moja kina mtu mpya,
kijana, anahesabu kwa sauti kuliko wote,
anakosea, anaanza upya.

Halafu Twyla ananigeukia, mimi wa konani:
"Na wewe. Acha kuandika. Njoo."

Msomaji, ukifika hapa
utakuta pengo la dakika mbili.
Mikono yangu ilikuwa kazini.