Mbichi

Daktari wa kwanza, kule Fukuoka, alisema neno moja: hakuna.
Akaligonga mezani kama muhuri.
Mimi ni fundi umeme wa reli, neno hilo nimelizoea:
hakuna moto kwenye waya, hakuna taa kituoni.
Ila waya hukatika mahali fulani, na mahali hupatikana.

Wa pili, hapa Kokura, alinikata kidogo
pale ambapo mwanamume hapendi kupataja,
akachukua nyama kiasi cha punje ya mchele.
Bi Chizuru aliitandaza chini ya hadubini,
akatafuta saa tano, chai yake ikapoa mara mbili.
Zenye mikia hakuona hata moja.
"Lakini zipo hizi," akasema, akanionyesha kwenye kioo:
duara, duara, duara,
viluwiluwi kabla hawajawa viluwiluwi.
"Hazijapevuka. Na chembe nyeupe za damu zinafanana nazo
kama pacha. Nikikosea, nitaliingizia yai mgeni wa bure."

Usiku ule nilicheka peke yangu bafuni.
Miaka thelathini na tisa natembea na shule nzima ndani yangu,
na hakuna hata mmoja aliyehitimu.

Mama mkwe alikuja na kapu la plamu.
Mwezi wa sita, mvua haikatiki, ndipo huchumwa:
za kijani, ngumu, chachu hata ndege hawazigusi.
Akazipanga mtungini, tabaka la plamu, tabaka la chumvi.
Hakujua lolote; tulimficha.
Nikamwuliza kwa nini hangoji ziive.
"Zikiiva zinapondeka. Kazi hii inataka mbichi."
Mizuho alinitazama, kisha akatazama dirisha.
Sisemi ilikuwa ishara. Plamu ni plamu.

Siku yenyewe mayai yalikuwa saba.
Bi Chizuru alieleza: mbegu pevu huja na hodi yake,
yai likasikia, likaamka.
Hii changa haijajifunza kubisha.
Basi yai huamshwa kwa umeme, mpigo mfupi tu.

Umeme!
Nikauliza volti ngapi, kwa muda gani, nikatoa kalamu,
na Mizuho, ndani ya gauni la hospitali,
akacheka hadi nesi akaja mbio.
Kitu kimoja ninachokijua duniani
kilikuwa kinafanyika nyuma ya mlango, bila mimi.

Manne yakakaa kimya.
Mawili yakagawanyika, yakasita.
Moja likawa mbili, likawa nne, likawa nane.

Walituambia na wasichokijua:
watoto waliopatikana hivi ni wachache,
hakuna awezaye kutuapia.
Tukatia sahihi. Mkono wa Mizuho haukutetemeka.

Leo ni siku ya tisa tangu liwekwe.
Mbivu na mbichi zitajulikana Ijumaa.
Mtungi uko chini ya ngazi, plamu zimeanza kutoa maji.
Mizuho amelala kiubavu, mkono juu ya tumbo;
si matumaini, anasema, ni baridi ya kiyoyozi.
Mimi niko zamu ya usiku, stesheni ya Moji,
juu ya ngazi, nyaya mbili mkononi,
na kabla sijaziunganisha
napiga hodi.