Mara ya Sita

Mara tano nashuka na chuma mabegani, mara tano napanda.
Ya sita haiji.
Si kwamba goti linauma, wala mgongo umegoma;
ni kama mtu amezima taa
nami bado nasoma.

Ukumbi wa Razmik uko chini ya ardhi, hapa Gyumri,
chini ya duka la viatu lililofungwa tangu nikiwa msichana.
Dirisha ni moja, linatazama miguu ya wapita njia.
Theluji ikilijaza hadi nusu
tunanyanyua vyuma katika mwanga wa rangi ya maziwa.

Mimi ni Haykuhi, mwokaji, miaka arobaini na saba.
Usiku kucha nainamia tanuri lililochimbwa sakafuni,
nabandika donge, nabandua mkate
mwembamba kama shuka, mrefu kama mkono wangu.
Magunia ya unga nayabeba mwenyewe, kilo hamsini hamsini,
Vahagn dereva kasimama kando akijikuna kidevu.
Nani basi angeamini
kwamba kilo thelathini na tano za chuma
zinanitoa jasho la aibu?

Nilijaribu hasira.
Ilinikopesha mara moja na nusu, kisha ikanidai riba.
Nilijaribu kahawa nyeusi;
moyo ukaenda mbio, miguu ikabaki kituoni.
Nilijaribu kumtazama Astghik, binti wa miaka kumi na tisa,
afikaye kumi na mbili huku akitafuna ubani.
Hilo halikunifaa hata kidogo.

Razmik hasemi sana. Kidole kimoja hana,
na ana saa ya ukutani anayoiamini kuliko daktari.
Jumanne moja alinikuta nimeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa,
naona nyota za mchana.
"Umekula nini?"
Nikacheka. Nilikuwa nimetoka kuoka mikate mia tatu na arobaini.
Akauliza tena.
Sikucheka.
Tangu jana saa kumi jioni, hata punje.
Debe tupu hutika, ndiyo.
Halinyanyui.

"Na pumzi, unaiweka wapi?"
Naishika, nikasema,
kama mtoto aliyetumwa dukani na noti mkononi.
"Ishike ukishuka. Ukipanda, ilipe."
Akapunguza kilo tano;
nikanuna kama aliyevuliwa cheo.
Akageuza kiti kielekee saa: dakika tatu, usiguse kitu.
Dakika tatu!
Kwangu mkate huiva kabla hujamaliza kupiga chafya.
Kukaa kulinishinda kuliko kunyanyua.

Wiki ya tatu nilirudi nyuma, mara nne tu.
Vahagn aliugua, nikapakua lori zima peke yangu.
Razmik akaandika nne daftarini
bila lawama, bila pole,
kama aandikavyo mtu kwamba leo kuna ukungu.

Jana ya sita ilikuja.
Nilikuwa nimekula mkate, yai, na kipande cha jibini cha chumvi,
nimekaa dakika zangu nikitazama dirishani:
buti, buti,
kiatu chekundu cha mtoto, buti.
Nikaingia chini ya chuma.
Kwenye ya tano taa ikapepesa, nikailipa pumzi yote,
hata sauti ikatoka, mbaya, ya ng'ombe.
Nikashuka. Nikapanda.
Sita.

Ya saba ilinigandisha katikati.
Razmik akashika upande mmoja, Astghik wa pili,
wakaniondolea mzigo kama watu wanaovua mgeni koti.
"Andika sita," nikasema nikihema.
Alikwisha kuandika.

Usiku huu tanuri limewaka, unga umeumuka.
Mkate wa kwanza naubandua ukiwa na majivu kidogo pembeni.
Huu hauendi kwenye mizani,
wala kwenye kikapu cha wateja.
Navuta kiti. Nakaa.
Naula wote.