Bati la Jirani

Karatasi iko mlangoni mwa friji,
imeshikwa na sumaku ya duka la dawa.
Jumamosi: maji yajaa saa kumi na nusu alfajiri,
yapwa saa tano kasorobo.
Jumapili: ongeza nusu saa na kidogo.
Mwezi una siku kumi na sita. Ni bamvua, shemeji Shekuwe,
maji hayatembei, yanakimbia.

Wewe uko Mombasa, kaunta namba tatu, unahesabu fedha za watu
na kunitumia ujumbe kila dakika kumi:
kayaki imezibwa? Ngisi amepatikana?
Imezibwa. Ile ya manjano, tuliyouziwa na hoteli ilipofunga,
nimeitia gundi na kipande cha ndoo ya rangi;
sasa ni kama mtoto aliyebandikwa plasta kwenye paji.
Ngisi yuko kwenye friza, chini ya mbaazi,
na mama yako ameshaniuliza mara mbili nampika lini.

Sikiliza basi.
Tukitoka Shela saa kumi na mbili, maji yanatoka nasi,
kasia ni la kuelekeza tu.
Tunashusha mishipi kwenye miamba ya Ras Kitau,
tewa wanakaa humo kama wenye nyumba.
Saa tano maji yanageuka, yanaturudisha.
Ndivyo isemavyo karatasi.

Lakini karatasi haina pua.
Utabiri wasema kusi, kilomita thelathini kwa saa,
kuanzia saa tatu, labda mapema,
na upepo unaoingia ukigongana na maji yanayotoka
mlango wa Shela husimama wima
kama ng'ombe aliyekataa kamba.

Ulisema, basi tujifiche nyuma, hori ya Takwa, ndani ya mikoko.
Saa nne hori ile ni tope na kaa, Shekuwe!
Tutakaa na kayaki yetu juu ya tope kama sufuria mezani
tukingoja bahari ikumbuke njia.
Upepo unasema, ingieni ndani.
Maji yanasema, hakuna ndani.

Wiki ijayo?
Wiki ijayo ni maji mafu, hori ina maji kutwa,
ila mimi nina zamu wodi ya wazazi, siku nne za usiku,
na likizo yako itakuwa imekwisha,
na maji mafu samaki hula kwa adabu mno.

Nimefuta, nimeandika, nimefuta
hadi karatasi ikatoboka kwenye neno Jumapili.
Iliyobaki ni hii: tunatoka mapema, tunarudi kabla ya saa tatu,
tukipiga kasia kandokando ya ukuta, penye mkondo hafifu.
Povu jeupe likionekana kusini, hata moja,
tunageuka, hata kama una samaki mshipini.
Apa.
(Mwaka jana pia uliapa.)

Na kipimo changu si simu.
Ni bati la Bakoba, jirani, kwenye banda la punda wake;
kona moja haina msumari.
Likigonga moja moja, twende.
Likipiga mfululizo, kama mtu anayeshangilia peke yake, tulale.
Kwa bati hilo nimepanga safari saba,
nikakosea moja tu.

Ijumaa umefika magharibi, vumbi la Mokowe kwenye nyusi,
ukalala ukumbini na jaketi la kuokolea chini ya kichwa.
Saa tisa na nusu nikaamka.
Kimya.
Nikatega sikio tena. Punda alipumua. Bati, hata kidogo.

Nikakutikisa, nikatoa ngisi,
maji yake ya baridi yakinidondoka vidoleni,
nikafungua dirisha niutazame mwezi,
nikaona, kwenye kona ya bati,
msumari mpya, unang'aa.

Miaka miwili nilikuwa nikimwomba.