Kizuri Nacho Hutembezwa

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Aliyesema hivyo hakuishi Vale de Urze,
mji wa mlimani, kaskazini mwa Ureno,
wenye mapaa mengi kuliko moshi.

Gazeti la mwisho lilifungwa mwaka ule wa theluji ndefu.
Tangu hapo habari zilisafiri kwa mguu mbovu:
barabara ikifungwa, ulijua ukishaifikia;
diwani akiuza msitu wa wote,
ulisikia shoka kwanza.

Basi mimi na Hermínio, mwalimu mstaafu,
tukafungua gazeti lisilo na karatasi,
la kusomwa kwenye simu.
Tuliandika mwezi mzima.
Wasomaji: saba.
Wawili kati yao ni sisi,
wa tatu dada yangu, kwa kulazimishwa.

Tukahesabu mfuko: yuro arobaini na senti kadhaa.
Kampuni moja ya Porto ilitaka mia tatu
ili itutangaze wiki moja.
Hermínio akaikunja barua yao mara nne,
akaisukuma chini ya meza, kwenye mguu unaoyumba.
"Angalau," akasema, "imefanya kazi."

Ndipo tukaanza kukitembeza kizuri chetu.

Belmiro fundi viatu akatuchongea muhuri
kwenye soli ya buti la marehemu baba yake.
Hakutaka pesa. "Andikeni tu kwamba sijafa."
Tukaandika.
Kesho yake akaletewa jozi tatu,
moja na mtu aliyekuja kuhakikisha.

Wino, yuro sita.
Dona Zulmira wa tanuri la mkate
akatuachia mifuko yake ya karatasi,
mia mbili kila alfajiri,
nasi tukigonga muhuri kabla jogoo hajamaliza neno:
anwani yetu, na chini yake, kwa mkono,
*Jumanne maji yatakatwa. Sababu utaikuta huku.*

Hapo nikajifunza kazi hii, yote, kwa siku moja:
usimwambie mtu njoo unisome.
Mwambie maji yatakatwa.

Wasomaji: sitini na mmoja.

Kwetu matangazo ya misiba hubandikwa ukutani,
kando ya kanisa: picha, jina, saa ya maziko.
Hakuna apitaye bila kusimama.
Hermínio alitaka tubandike letu papo hapo,
katikati ya wafu.
Nikakataa. Tukazozana hadi kahawa ikaota ngozi.
Mwisho tukapatana: ukutani hatugusi,
ila kila aliyebandikwa tutamwandika mzima mzima,
si tarehe mbili na msalaba,
bali alichopanda, alichoimba akilewa,
aliyemdai, na aliyemsamehe.

Tulianza na Adérito, mfuga nyuki.
Usiku ule simu ikalia kutoka Lyon,
kisha Luksemburgi, kisha Newark:
watoto wa mji, mikono imekauka kwa saruji ya watu,
wakilia kwa lafudhi tuliyodhani imeshazikwa.

Mmoja akauliza, kwa haya,
kama tunaandika na walio hai.
Mama yake, kwa mfano.
Kama bado huwasha taa ya jikoni.

Nikavaa koti, nikapanda mtaa wa juu.
Taa ilikuwa inawaka.
Mama alikuwa anamenya viazi, redio ikimsemesha.
Nikaandika hivyo tu, mistari miwili,
bila picha, bila kupamba.

Mji wetu una watu mia tisa.
Mistari ile ilisomwa na elfu moja mia nne.

Zimebaki yuro nane.
Diwani siku hizi hutusalimu, harakaharaka,
nasi tunaiingiza salamu hiyo kwenye mapato.
Muhuri umeanza kulika upande wa herufi ya kwanza.
Belmiro anasema tusihofu:
baba yake alikuwa na miguu miwili.