Mshale Uliotembea Peke Yake

Baba hakuniambia siku ile.
Aliniambia siku ya tisa, akimenya viazi,
kisogo amenipa, mvua ya Blaenau ikipiga paa la mawe
kana kwamba inadai kodi.

Skrini iliwaka nyekundu, alisema. Ikalia king'ora.
Kompyuta yako ina virusi. Usiizime. Piga namba hii.
Na baba, miaka thelathini na minne mwongoza ishara wa reli,
mtu wa kutii taa nyekundu,
alipiga.

Sauti ilikuwa ya adabu. Ilimwita Bwana Pugh.
Mgeni njoo, mwenyeji apone: akamfungulia,
akamsomea tarakimu tisa, moja moja,
kama mtoto asomaye ubaoni.

Ndipo mshale ukaanza kutembea.
Mkono wake uko kwenye kikombe cha chai
na mshale unatembea,
unazipita picha za mama bila hata salamu,
unakwenda moja kwa moja benki,
kama paka ajuaye samaki alipo.

Usiwaambie benki, sauti ikanong'ona. Wezi wamo humo humo.
Usimwambie hata binti yako.

"Hapo," baba akasema, kisu kimesimama juu ya kiazi,
"hapo nikakikumbuka kijiti."

Pale njia ya reli ni moja, ya kwenda na kurudi,
treni haiingii bila kijiti cha shaba.
Dereva aje na maneno matamu, aje na haraka,
aje na kofia ya meneja,
unamuuliza: kijiti kiko wapi?
Hana, haingii. Hata awe ndugu yako.

Akamuuliza yule mtu: nani kakupa kijiti?
Kimya. Halafu tusi.
Baba akainama, na magoti yale,
akang'oa waya ukutani.

Pauni mia mbili na sitini zilikuwa zimekwisha ondoka.
Benki akaipigia kwa namba iliyo nyuma ya kadi,
wakafunga akaunti.
Nywila akazibadili kwenye simu ya jirani, Heulwen,
na kompyuta ikalala siku tisa chini ya taulo
kama maiti isiyo na wa kuizika.

Sikumlaumu. Nilichukua kisu kingine.
Tukamenya.

Simu ya mezani ikalia.
Baba akainamia kidirisha chake, akakunja uso.
"Namba hii unaijua?"
"Siijui."
Akadondosha kiazi majini.
Ikalia mpaka ikachoka.