Jozi kwa Asali

Kisu nakijua. Tangu utoto nakijua.
Ufito wa mhazeli unaupitisha motoni kwanza,
unalivua gome lake kama soksi iliyolowa,
kisha unauegemeza gotini na kuvuta makali,
taratibu, bila kukata,
na maranda meupe yanajikunja yenyewe,
moja, la pili, la mia,
hadi kijiti kikavu kinaota ndevu za mtakatifu.
Chichilaki. Mti wetu wa Mwaka Mpya hapa Guria.
Miaka kumi na mmoja kazi yangu iliishia hapo.

Sufuria ilikuwa ya Nazibrola.

Nazibrola yuko Bari, anamwogesha bibi wa watu,
anamkatia nyama vipande vidogo vidogo,
na mimi nimesimama jikoni na kilo ya jozi,
watoto wawili,
na simu iliyoegemea mkebe wa chumvi.
"Zikaange kidogo," simu inasema. "Kidogo, Zurabi.
Zinukie tu, zisiungue."
Kidogo ni kiasi gani?
Mkono uliozoea hauna kipimo cha kumwachia mtu.

Asali ya kwanza tuliiunguza.
Ikawa lami. Kijiko kikasimama wima ndani yake.
Rati akacheka hadi kwikwi ikamshika.
Tekle hakucheka, ana miaka tisa;
alifungua dirisha, mvua ikachungulia,
akasema kwa sauti ya mama yake hasa:
"Asali ni ghali, baba."

Nikavuka ua kwenda kuazima kwa Tsiuri,
uso wangu nimeuacha nyumbani.
Alinipa chupa nzima, hakuuliza neno.
Kesho yake mtaa wote ulijua.

Mara ya pili Tekle ndiye aliyesimamia moto.
Alidondosha tone katika glasi ya maji baridi,
akalitafuta kwa kidole, akalibana:
"Bado."
Tone jingine. "Bado."
La tatu liligonga glasi kama kijiwe.
"Sasa!"
Tukamwaga jozi, tukakoroga, mikono ikaungua,
tukalibwaga lile tope la dhahabu juu ya ubao uliolowa,
na Rati akapanda kigoda, akasukuma kifimbo kwa tumbo zima.
Kisu tena. Hapo nilirudi nyumbani kwangu.
Nilikata mshazari, kama kashata,
vipande arobaini na vitatu, vingine vimepinda,
kimoja kina alama ya meno kabla hakijapoa.

Jozi. Hata jina lake halijui kukaa peke yake.
Ukipasua ganda, pande mbili zimelala zikitazamana,
na katikati kiambaza chembamba, kigumu, kichungu.
Sikulisema hilo kwenye simu.
Nilisema: "Zimetoka."
Akasema: "Nionyeshe." Kisha akanyamaza kwa muda.

Dereva wa mizigo hupita Alhamisi mbele ya duka la dawa.
Gozinaki ziliingia ndani ya boksi la viatu,
soksi juu yake, picha ya Rati ya ng'ombe mwenye miguu sita.
Tekle alitaka na mti uende. Boksi fupi.
Basi akachukua mkasi,
nami nikaunyanyua mkono kumzuia,
maana ndevu za chichilaki hazikatwi,
babu yangu angenifukuza uani.
Nikaushusha mkono.
Alikata randa moja, refu, la upande wa ukutani,
akalizungusha kidoleni kama pete, akalilaza juu ya soksi.

Usiku wa Mwaka Mpya tulilishana kipande kwa kipande:
"Uzeeke kwa utamu huu," ndivyo tusemavyo,
na Rati akaniuliza kama mimi nimeshazeeka tayari.

Mkesha wa Epifania tutauchoma mti,
uondoke na dhiki zote za mwaka, moshi na majivu.
Zote isipokuwa hiyo moja,
ambayo haitaungua, imening'inia Bari
kwenye kishikizo cha kabati la bibi wa watu.
Nazibrola anasema gozinaki ni ngumu kidogo pembeni.
Anasema bibi hana meno,
anakinyonya kipande kimoja tangu asubuhi,
na hataki kukitoa hata kwa ajili ya supu.